Tumealikwa kutazama vyumba Orlando

SWALI: Shangazi, tunaishi Marekani. Tumealikwa Orlando, Florida, kutazama vyumba vya mapumziko ambavyo mtu hununua wiki yake ya kila mwaka. Tukague nini? – Mama Zuhura

JIBU: Mwanangu, chumba cha maonyesho hupambwa. Ombeni kuoneshwa kile hasa mtakacholala. Fungueni bomba, sikilizeni kiyoyozi. Kisha ulizeni ada ya matunzo: hulipwa kila mwaka hata msipokwenda, nayo hupanda. Mie ningewafuata wageni bwawani niwaulize kama wiki za likizo za shule huzipata kweli. Msisaini siku hiyohiyo, hata mkibembelezwa vipi! Mkishasaini, sheria ya Florida inawapa siku 10 za kuvunja mkataba. Andikeni barua, mtunze nakala.