Sponji nene haizuii mchubuko, na hiyo tyubu iweke pembeni

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 31, naishi Tegeta. Mimi na wenzangu tunapiga baiskeli kila Jumamosi, na mara moja kwa mwezi tunakwenda Bagamoyo na kurudi. Nikifika nyumbani nakuta nimechubuka kinenani na chini ya kalio, hasa upande wa kulia, hata maji ya kuoga yananichoma. Nimeshanunua bukta tatu za baiskeli, kila moja ina sponji nene kuliko iliyotangulia. Ndani navaa chupi ya pamba ili inyonye jasho. Duka la dawa walinipa krimu ya fangasi. Nikipaka, siku mbili tu napata nafuu, lakini wiki haiishi upele umerudi, na sasa umeteremka mapajani. Je, ninunue siti ya jeli, au kuna krimu kali zaidi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nalisikia karibu kila wiki, na mwisho wake ni uleule: siti ya jeli au krimu kali zaidi. Anayeuliza huwa ameshaingia gharama, na huwa ameshashauriwa na watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyeitazama ngozi yenyewe. Siti ya jeli usinunue. Krimu nitaifikia, na nikiifikia univumilie.

Nianze na sponji. Wengi wanaamini kinachowaumiza ni ugumu wa siti, kwa hiyo wanatafuta ulaini, na wakikosa nafuu wanaongeza ulaini. Lakini kinachochubua ni ngozi kusuguliwa ikiwa imelowa. Piga hesabu mwenyewe: ukizungusha pedeli mara 70 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida, kwa saa 4 kila paja limepita kwenye ukingo wa siti karibu mara 17,000. Ngozi kavu ndani ya nguo iliyoushika mwili inaweza kuvumilia hesabu hiyo. Ngozi iliyolowa tangu Bunju, mwanzoni mwa safari, haiwezi. Inakuwa kama vidole vya mtu aliyefua nguo asubuhi nzima, na tabaka la juu linavuka kidogo kidogo bila wewe kujua, mpaka jioni maji ya kuoga yakuambie.

Sponji nene inahifadhi jasho jingi zaidi, kwa hiyo ukifika Mapinga umekalia tambara la deki. Tena kwa kuwa ni laini mno, ile mifupa miwili ya kukalia inadidimia, na katikati yake sponji inabinuka juu na kubana mahali inapopita mishipa ya fahamu na ya damu. Wanaume wananiambia, huku wakitazama mlangoni, kwamba safari ikiwa ndefu sehemu za siri zinakufa ganzi, ndiyo maana wakaongeza sponji. Mara nyingi sponji hiyohiyo ndiyo inayoleta ganzi. Jeli nayo ni hivyo hivyo, na kibaya zaidi siti nyingi za jeli ni pana, upana unaoyasugua mapaja kwa ndani kila pedeli inapozunguka.

Sponji ya bukta nzuri ni nyembamba kuliko unavyodhani, ila imeshiba. Ibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vikikutana kama vimebana mkate wa boflo, hiyo ni sponji ya godoro, iache dukani. Kisha igeuze bukta, ya ndani iwe nje, na upitishe mgongo wa kidole taratibu kwenye mishono yote ya kati na ya mapajani. Mshono bapa utaupita bila kuusikia. Mshono wa ovaloki utausikia kama kamba ya katani, na kama kidole kinausikia kwa mpito mmoja, fikiria kinena kwa mipito 17,000. Kuna kijana alikuja kwangu akilalamikia “mzio wa nailoni”. Nikamwomba aniletee bukta, nikaigeuza, nikailaza juu ya paja lake. Ule mstari wa kahawia ulioungua ulianzia pale pale ulipoanzia mshono na kuishia ulipoishia. Hakuwa na mzio wowote.

Simcheki. Mimi mwenyewe nilipoanza kwenda kazini kwa baiskeli nilijifanya mjanja, nikampelekea fundi cherehani taiti ya kawaida na kipande cha sponji ya godoro anishonee. Alishona vizuri sana, tena kwa ovaloki, pande zote nne. Wiki ile nilizunguka wodini nikitembea kama mwari wa jando, na manesi hawajanisahaulisha mpaka leo.

Ukiijaribu bukta, usiishie kusimama mbele ya kioo. Iname kama umeshika hendeli. Sponji isikunjike, isihame, ikugande kama nguo ya kuogelea. Ukiwa umesimama wima itakuvuta na utajiona umevaa nepi. Hilo lisikutishe, haikushonwa kwa ajili ya kusimama. Zile za mikanda ya mabegani ndizo zinazotulia zaidi, kwa kuwa hazina lastiki ya kiunoni ya kukukata tumbo, ingawa ukishikwa na haja ndogo njiani utanikumbuka. Kwa wanawake, waombe iliyokatwa kwa ajili yao, kwani sponji inakaa mahali tofauti. Kuhusu mitumba: shati nunua, koti nunua, bukta ya baiskeli acha. Sponji ina umri wake, na iliyokufa haionekani kwa nje. Kitambaa pia kivute juu ya kiganja chako na ukitazame kwenye mwanga. Ukiona ngozi ya mkono, kimechoka, na nguo iliyochoka haishiki tena mwili, inateleza, na kuteleza ndiko kunakochubua.

Halafu hiyo chupi. Bukta ya baiskeli huvaliwa bila chupi, mdogo wangu. Pamba inanyonya jasho kweli, lakini hailiachii. Inalishikilia palepale kinenani kwa saa 4. Na chupi ina lastiki na mishono yake mahali ambapo watengenezaji wa bukta wamehangaika mshono usiwepo. Nafahamu wengi wanavaa kwa stara, si kwa ajili ya jasho: kupita mtaani ukiwa na taiti mwili mzima umechorwa, mbele ya wakwe na watoto, si jambo dogo. Basi vaa bukta pana ya mpira wa miguu juu yake. Haidhuru kitu. Stara iwe nje, ndani pabaki mwili na sponji tu.

Upande wa kulia kuumia zaidi kuna habari yake. Mchubuko wa upande mmoja mara nyingi unatoka kwenye baiskeli. Siti ikiwa juu mno, kila mguu unapofika chini nyonga inaufuata, na unajikuta ukikata mauno mpaka Bagamoyo. Mwambie mwenzako akae nyuma yako akitazame kiuno chako. Akiona kiuno kinayumba, shusha siti milimita 5, jaribu safari fupi, kisha shusha tena kama bado. Kipimo cha kuanzia ni kisigino: kiweke kwenye pedeli iliyo chini kabisa, goti linyooke bila nyonga kuteremka. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litapata mkunjo kidogo. Ikishindikana, angalia pia kama pua ya siti imepinda upande.

Kupaka mafuta kabla ya safari kunasaidia. Zamani bukta hizi zilikuwa za sufu, na katikati zilishonewa kipande cha ngozi laini ya mnyama wa milimani Ulaya anayefanana na mbuzi. Ikifuliwa na kukauka, ngozi ile ilikuwa ngumu kama ndala, kwa hiyo waendeshaji waliipaka mafuta ilainike. Ngozi imeondoka, siku hizi kila kitu ni sintetiki, lakini mafuta yamebaki kwa kazi nyingine ya kupunguza msuguano. Mafuta ya mgando yanafaa, ila yanaingia kwenye sponji na kutoka kwa shida. Paka kwenye ngozi isiyo na mchubuko tu, kwenye mkunjo wa kinena na panapopita mishono. Poda ya watoto usitumie, ikikutana na jasho inakuwa uji, kisha changarawe.

Mkifika Bagamoyo msikae na bukta mbichi saa mbili mkila pweza. Vua, nawa kwa maji na sabuni ya kawaida, jikaushe kwa kugusagusa bila kusugua, na kama mnarudi siku hiyo hiyo uwe na bukta ya pili. Ukifika nyumbani ifue leo leo, isuuze mpaka maji yawe meupe, na ianike sponji ikitazama jua.

Sasa krimu.

Ulikwenda na mchubuko, ukapewa dawa ya fangasi. Hakuna aliyekutazama. Hapa mjini kinachowasha kinenani ni fangasi, kinachochoma ni fangasi, kilichoungua kwa mshono ni fangasi. Na dawa yenyewe, kama inatuliza ndani ya siku mbili na tatizo linarudi likiwa kubwa, naweza kubahatisha kilichomo nikiwa nimekaa hapa: krimu ya mseto, yenye dawa ya fangasi kama klotrimazoli, dawa ya bakteria kama jentamaisini, na steroidi kama betamethasoni au klobetasoli. Tatu kwa moja. Muuzaji anaipenda kwa sababu hahitaji kujua unaumwa nini, na wewe unaipenda kwa sababu inafanya haraka.

Hiyo haraka ndiyo kazi ya steroidi. Inaunyamazisha mwili usipigane. Wekundu unaondoka, muwasho unaondoka, aliyeuleta yupo. Kama mwanzoni ulikuwa na mchubuko mtupu, ungepona kwa kupumzika siku chache. Kama kulikuwa na kafangasi kadogo, sasa kanakula bila kusumbuliwa, na ndiyo maana upele umeteremka mapajani. Hata sura yake inaharibika: ile duara yenye ukingo tunayoitambua kwa macho inafutika, hata daktari anaweza kupotea. Wakati huo huo ngozi inakuwa nyembamba. Kinena kina mikunjo inayojifunika yenyewe, dawa inaingia kwa wingi kuliko ingepakwa mkononi. Wapo wanaokuja wakiwa na michirizi mapajani kama ya mama aliyejifungua, na michirizi hiyo nawaambia ukweli kwamba haifutiki. Ngozi nyembamba, safari inayofuata, inachubuka mapema zaidi. Mwenyewe anasema baiskeli imemkataa, anapaka tena.

Kinachonikera ni kwamba krimu hizi haziishii kwa waendesha baiskeli. Tyubu hiyo hiyo mama anampaka mtoto mwenye upele wa nepi. Dada anapaka usoni, kwa kuwa ameona inang'arisha, na baada ya miezi anakuja na chunusi na vishipa vyekundu mashavuni, na akiiacha siku tatu uso unawaka moto. Fundi bodaboda anapaka chini ya kwapa. Kisha wapo walioacha tyubu wakaingia jikoni: dawa ya meno, limau, spiriti ya kuulia vijidudu juu ya ngozi iliyovuka. Niliwahi kumsafisha kijana aliyepakwa spiriti na wenzake kandokando ya barabara wakati wa mbio, eti kidonda kikauke. Mchubuko wa wiki moja ukawa jeraha la mwezi mzima. Na wale wanaopitapita kwenye mashindano na vikopo visivyo na maandishi, wakiuza “mafuta maalumu ya waendeshaji”, waulizeni kuna nini ndani. Nimeshawauliza. Wanajibu “mitishamba”, wanahamia kwa mteja mwingine.

Kwa hiyo wewe: baiskeli pumzisha mpaka ngozi ifunge. Krimu iache, na ujue kwamba siku chache za kwanza pataamka, patawasha kuliko mwanzo, usikimbilie dukani. Tumia oksidi ya zinki, ile nyeupe ya watoto wenye upele wa nepi, usiku, pale palipochubuka. Njoo kliniki tukwangue magamba kidogo ya huo upele wa mapajani tuyatazame kwenye darubini. Ni kazi ya dakika chache na haiumi. Ikiwa ni fangasi kweli, utapewa dawa ya fangasi peke yake, na utaimaliza hata upele ukitoweka mapema. Na usisubiri hiyo miadi endapo utapata uvimbe mgumu wenye kuuma, au jipu lenye homa, hasa karibu na njia ya haja kubwa, au kama una kisukari. Jipu la huko halikamuliwi nyumbani.

Ukija, njoo na bukta unayoivaa zaidi, na hiyo tyubu, hata kama umeikunja mpaka mwisho. Kwenye boksi tafuta jina linaloishia na -sone au -sol, hiyo ndiyo steroidi. Kama boksi ulishalitupa na maandishi ya tyubu yamefutika, rudi dukani umuulize aliyekuuzia, uandike jina kwenye karatasi.