Kichwa cha beberu kielekee wapi ukutani?

Pole, ndugu yangu wa Likoni, kwa kufiwa na beberu wako. Unauliza fundi akimkausha kichwa na mabega ili atundikwe ukutani, atazamishwe mbele au upande. Mimi ningeanza na ukuta. Simama mlangoni mwa sebule: shingo igeuzwe kiasi kuelekea pale mgeni anapoingilia, wakutane macho kwa macho. Kutazama mbele moja kwa moja kunafaa ukuta unaokabili mlango tu. Kwengine shingo hupotea, na ya beberu ndiyo uzuri wenyewe.

Masikio usiyapuuze. Yakielekea mbele yuko macho, yakilazwa nyuma ana hofu au hasira. Mpelekee fundi picha za uhai wake, aone alivyozoea kubeba kichwa. Amua kabla, maana umbo la ndani la povu gumu, linalovalishwa ngozi, huagizwa likiwa limeshageuka, na ngozi ikishagundishwa juu yake ndiyo basi. Ngozi ikatwe ndefu, ipite nyuma ya miguu ya mbele.

Epuka ukuta unaopigwa na jua au upepo wa bahari. Unyevu wetu huleta ukungu. Na ukishawishiwa kumtafutia swala wa kando yake, kataa kabisa: uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na kuweka nyara za wanyamapori bila kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, ni kosa.