Kabla hujailaumu jeni: kwa mnaoanza epijenetiki ya maua

Wadogo zangu mnaoingia maabara ya epijenetiki, yaani elimu ya alama zinazowasha au kuzima jeni bila kubadili herufi zake, wengi mnakuja mkiamini kwamba ua likiharibika basi herufi za jeni zimeharibika. Someni kwanza habari ya mchikichi. Miche ya tishu, yaani iliyooteshwa maabara kutokana na vipande vya miti bora kabisa, ilipandwa, ikastawi, na miaka kadhaa baadaye ilipochanua, stameni (viungo vya kiume) za baadhi yake zikawa zimegeuka mithili ya kapeli (viungo vya kike). Mavuno yakaporomoka, ilhali DNA ilikuwa ileile ya mti mama. Mwaka 2015 watafiti wa Malaysia na wenzao wa Marekani wakaonyesha chanzo: ndani ya jeni DEF1 kumejificha kipande cha DNA cha kuhamahama kiitwacho Karma. Kikivuliwa methili, alama ya kikemia inayobandikwa kwenye DNA, ujumbe wa jeni hukatishwa njiani na ua huharibika. Kikibaki nayo, ua huwa salama. Jani la mche linatosha kupimia, hakuna haja ya kungoja maua.

Ila msidhani jani linatosha kila mahali. Katika Arabidopsis, mmea mdogo wa majaribio, protini CURLY LEAF huifunga, yaani huizima, jeni AGAMOUS, ya kuunda stameni na kapeli, kwenye majani. Katikati ya ua changa, jeni hiyohiyo huwa wazi. Ukisaga jani ukatoa hukumu juu ya ua, umepima kitu kingine kabisa.

Wastani nao una hila. Jeni FLC, inayozuia kuchanua, hufungwa taratibu mmea ukikaa wiki kadhaa kwenye baridi. Ukikuta alama za histoni (protini ambazo DNA huzizunguka) zimefika nusu, utasema jeni imefungwa nusu. Sivyo: baadhi ya seli zimeifunga kabisa, nyingine bado hazijagusa. Mtaa ambao nusu ya nyumba zina umeme si mtaa wenye umeme hafifu.

Kwenye bisulfaiti, dawa ya kupimia methili, herufi C ya DNA isiyo na methili husomeka T. Yenye methili hubaki C. Dawa isipofanya kazi barabara, C zitabaki nyingi nanyi mtashangilia methili isiyokuwepo. Kwa hiyo anzeni kutazama DNA ya kloroplasti katika sampuli ileile. Huko methili haitarajiwi, hivyo C zikijaa, rudieni kazi, hata kama msimamizi anataka grafu kesho asubuhi.

Na mnapokata tishu kwenye mti mama, gandisheni jani lake siku hiyohiyo. Maua yakija kuonyesha kasoro, huenda mti wenyewe ulishakatwa, na hamtakuwa na cha kulinganishia.