Tiki Moja, Majina Mawili: Maswali Yenu Kuhusu Mgombea Mwenza

Barua nyingi tulizopokea kutoka Mtwara na Lindi zinamhusu mgombea mwenza, yaani anayegombea umakamu wa Rais pamoja na mgombea urais, mtu ambaye jina lake husomwa la pili jukwaani, na wengi huwa tayari wanapiga makofi kwa ajili ya lile la kwanza. Tumezijibu kwa kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Mwaka 1995 Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso, aligombea pamoja na Dk. Omar Ali Juma wa Pemba. Kwa nini hakuchukua mtu wa Mwanza au Kilimanjaro, kwenye kura za kumwaga? Na nani hasa humchagua mwenza? (Msomaji, Masasi)

Ndugu yetu wa Masasi, hakuweza hata kama angetaka. Ibara ya 47 ya Katiba inasema Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu wake lazima atoke upande wa pili. Mgombea wa Bara hutafuta mwenza Zanzibar, na wa Zanzibar hutafuta Bara. Ibara hiyohiyo inataka chama kiwapendekeze wote wawili kwa wakati mmoja, na wapigiwe kura pamoja.

Uchaguzi huo wa 1995 ndio uliokuwa wa kwanza kwa utaratibu huu. Kabla ya hapo tulikuwa na Makamu wawili, Waziri Mkuu na Rais wa Zanzibar, kila mmoja akiupata umakamu kwa sababu ya kiti alichokalia. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, tatizo lilionekana mapema: ingekuwaje Zanzibar ishikwe na chama kimoja na Muungano na kingine? Rais angekuwa na Makamu kutoka chama pinzani. Mabadiliko ya 11 ya Katiba, ya mwaka 1994, yakaleta mgombea mwenza, na Rais wa Zanzibar akabaki mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni la pande za Muungano. Mengine ya kisheria ni yaleyale ya mgombea urais: raia wa kuzaliwa, umri wa miaka 40 au zaidi, mwanachama aliyependekezwa na chama, mwenye sifa za kuwa mbunge au mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na asiwe amepatikana na hatia ya kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Baada ya hapo ndipo hesabu za siasa zinapoanza. Ukiwa unamtafuta Mzanzibari, swali la haraka ni Unguja au Pemba. Dk. Omar alikuwa Mpemba, na Pemba ya 1995 ilikuwa ngome ya chama pinzani cha CUF. Dk. Ali Mohamed Shein aliyemfuata naye ni Mpemba. Swali la pili ni uzoefu: Dk. Omar alikuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar tangu 1988, na Dk. Mohamed Gharib Bilal, mwenza wa Kikwete mwaka 2010, naye aliwahi kuishika nafasi hiyo. Samia Suluhu Hassan, mwenza wa Magufuli mwaka 2015, alikuwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais, anayeshughulikia Muungano, na mwaka mmoja kabla alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba. Kazi kubwa ya Makamu ni mambo ya Muungano, kwa hiyo aliyekwisha kuyashika mafaili hayo haanzi kujifunza ofisini.

Kuhusu nani anachagua, kila chama kina katiba yake. CCM mwaka 2015, pale Dodoma, walipunguza majina hadi matano, Halmashauri Kuu ya Taifa ikabakiza matatu, na Mkutano Mkuu ukapiga kura kumpata mmoja. Mwenza hakupita kwenye mchujo huo hata kidogo. Alitangazwa siku ileile ya tarehe 12 Julai, baada ya mgombea kupatikana. Ndivyo ilivyo mara nyingi: mgombea hushauriana na wakubwa wa chama, jina moja linaletwa, wajumbe wanaliridhia. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye udhaifu. Mtu anayeweza kuja kuwa Rais bila kura nyingine ya wananchi hupata nafasi kwa mashauriano ya saa chache, na mjumbe aliyesafiri kutoka Nanyumbu hana jina la pili la kulinganisha naye.

Vijana wa chama walipita Tandahimba wakiomba tumdhamini mgombea wao wa urais. Nikasaini. Je, nimeshampa kura? Na mwenza naye ana wadhamini wake? (Mkulima wa korosho, Tandahimba)

Kura yako bado iko mkononi mwako. Kudhamini ni kusema tu kwamba mtu huyu anastahili kuwemo kwenye orodha. Wadhamini ni wa wote wawili. Mwenza hana wa peke yake.

Sheria inataka wadhamini wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, na angalau miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Jumla ni watu 2,000. Kwa Bara si kazi kubwa. Kijana mwenye pikipiki akishinda sokoni siku ya gulio, 200 wa Mtwara atawapata. Kazi iko visiwani. Zanzibar ina mikoa mitano tu, na chama kisicho na matawi huko hutafuta watu 400 huku siku zikihesabika. Hapo ndipo mwenza anapoonyesha thamani yake mapema. Akiwa ni mtu anayefahamika Micheweni au Makunduchi, anapiga simu tatu na shughuli inaanza. Akiwa ameokotwa ili kujaza nafasi tu, chama kitaligundua hilo wiki ya mwisho.

Mdhamini lazima awe mpiga kura aliyeandikishwa katika mkoa huo. Fomu huharibika kwa mambo madogo kabisa. Kadi yako imeandikwa Saidi, karani kaandika Said. Tarakimu moja ya namba ya kadi imerukwa. Mtu mmoja kasaini kwa wagombea wawili kwa kuwaonea wote haya. Chama makini hukusanya 250 au 300 kwa kila mkoa ili wakiondolewa wachache wabaki wa kutosha. Nawe wakija tena, toa kadi yenyewe, usiitaje namba kwa kichwa, na usimdhamini mgombea wa pili.

Vyama viwili vikiungana, kimoja kinaweza kutoa mgombea na kingine mwenza? (Msomaji, Mikindani)

Wanaweza kukubaliana hivyo mezani, lakini kwenye fomu wote wawili lazima wawe wa chama kimoja. Mwaka 2015 vyama vya upinzani vilivyoungana kwa jina la UKAWA vilimsimamisha Edward Lowassa kupitia CHADEMA, na mwenza akawa Juma Duni Haji, kigogo wa CUF. Ilibidi kwanza ahamie CHADEMA. Wanachama wake walihuzunika, lakini sheria haikuacha njia nyingine. Wanaopanga muungano wa namna hiyo wamalize suala la kadi kabla ya kutangaza majina, maana ukimtangaza mtu kisha akakataa kurudisha kadi ya chama chake, umeshajiaibisha.

Wanangu wahariri, mwenza akifariki kabla ya siku ya kura inakuwaje? Na akifariki akiwa madarakani? (Mzee wenu, Kilwa Kivinje)

Shikamoo mzee wetu. Yote mawili yameshatukuta.

Uchaguzi wa 2005 ulipangwa tarehe 30 Oktoba. Siku chache kabla, Jumbe Rajab Jumbe, mwenza wa Freeman Mbowe wa CHADEMA, akafariki dunia. Uchaguzi wa Muungano ukasogezwa hadi tarehe 14 Desemba, wa Rais na wabunge pia, ili chama kilichofiwa kipate nafasi ya kuweka mtu mwingine. Zanzibar walimchagua Rais wao tarehe 30 Oktoba kama ilivyopangwa. Ndiyo maana afya ya mwenza si siri ya nyumbani kwake. Nchi nzima ilisubiri wiki sita.

Akifariki akiwa Makamu, hakuna uchaguzi. Rais humteua mwingine kutoka upande uleule wa Muungano, na Bunge humthibitisha kwa kura zisizopungua nusu ya wabunge wote. Dk. Omar alifariki tarehe 4 Julai 2001, na tarehe 13 Dk. Shein akaapishwa.

Akifariki Rais, mwenza ndiye anayeapishwa na kumalizia kipindi kilichobaki. Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na tarehe 19 Samia akala kiapo. Ona jinsi mizani ilivyogeuka: Rais sasa ni Mzanzibari, kwa hiyo Makamu ikabidi atoke Bara. Bunge lilimthibitisha Dk. Philip Mpango wa Kigoma tarehe 30 Machi. Kwa sababu hiyohiyo mwenza wa Samia mwaka 2025 akawa Dk. Emmanuel Nchimbi, aliyekuwa Mbunge wa Songea Mjini, hapa jirani zetu. Katiba pia inasema anayerithi kiti kwa miaka mitatu au zaidi anaweza kugombea mara moja tu baadaye. Akirithi kwa chini ya mitatu, mara mbili.

Basi mzee, ukiwafunza vijukuu kupiga kura, waambie wasome majina yote mawili. Tiki ni moja, na inaweza kutoa marais wawili.

Kassim Majaliwa wa kwetu alikuwa Waziri Mkuu miaka kumi. Yeye na Makamu nani mkubwa? Rais anaweza kumfukuza Makamu? (Mwalimu, Ruangwa)

Makamu ndiye wa pili kwa Rais. Waziri Mkuu ni mbunge wa jimbo, huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge, husimamia shughuli za Serikali za kila siku, na ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni. Makamu hawezi kuwa mbunge.

Waziri Mkuu Rais anaweza kumwondoa. Makamu hapana, kwa sababu aliingia kwa kura zilezile zilizomwingiza Rais. Ataondoka muda ukiisha, akijiuzulu, au Bunge likipitisha hoja ya kumwondoa. Malawi walilionja hili: Joyce Banda alifukuzwa kwenye chama akabaki Makamu, na Bingu wa Mutharika alipofariki Aprili 2012, akaapishwa kuwa Rais. Kwa hiyo mgombea anapomtafuta mwenza ajiulize kama wataweza kukaa meza moja miaka mitano hata wakigombana.

Ndugu zetu Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma nao wana mgombea mwenza? (Msomaji, Newala)

Hawana. Msumbiji haina Makamu wa Rais, ina Waziri Mkuu tu.

Tunasikia Marekani mwenza huchunguzwa hadi risiti za kodi. Sisi chama kidogo huku Lindi tunaweza kujifunza nini? (Katibu wa tawi, Lindi)

Kule mgombea huunda timu ya mawakili. Huomba taarifa za kodi za miaka ya nyuma, madeni, kesi, hotuba za zamani na hali ya afya, kisha humhoji mtu faragha. Walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1972 George McGovern alimteua Seneta Thomas Eagleton kwa haraka. Ikabainika kwamba aliwahi kulazwa na kutibiwa sonona kwa mshtuko wa umeme, jambo ambalo hakumwambia mgombea wake. Alidumu siku 18, akajitoa. Kilichomwangusha zaidi ni ule ukimya, na maswali ambayo hayakuulizwa mapema.

Ninyi hamhitaji mawakili kumi. Muwekeni chini mtu wenu angalau mwezi mmoja kabla ya fomu kutoka, mwenyekiti na katibu tu mkiwepo. Muombeni cheti cha kuzaliwa, kadi ya mpiga kura na kadi ya chama, na muangalie majina yanalingana herufi kwa herufi. Muulizeni kama amewahi kufikishwa mahakamani, hasa kwa kodi, na mkaone hukumu yenyewe. Muulizeni anaumwa nini na anatumia dawa gani. Muulizeni kama kadi ya chama chake cha zamani ameirudisha, na nani alimshuhudia. Kisha mpeni siku mbili akaongee na mkewe au mumewe, kwa sababu mengi ambayo hakuwaambia ninyi yatakumbukwa huko.