Dopla ya uume: karatasi ya kwanza ilinipotezea mwaka mzima

Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja kaniandikia inboksi: "Shikamoo kaka, daktari kaniandikia dopla ya uume, nasikia kuna sindano humo humo, je inauma?" Nikamjibu marahaba, nikamwambia haiumi kama unavyofikiria, nikaweka simu chini. Ila usingizi uligoma. Maana mimi sindano haikuniuma, kilichoniuma ni karatasi niliyopewa baada ya sindano, na mpaka leo nikiikumbuka kifua kinabana.

Nilikuwa na miaka 41. Kusimama kulikuwa kunakuja nusu nusu, alfajiri ikawa kimya kabisa, nikawa nachelewa makusudi sebuleni mpaka mke wangu alale ndo niingie chumbani. Nilipita kwa wauza mizizi pia, hilo sitaki hata kulielezea. Vidonge vya nguvu za kiume, sildenafili, nikanywa mara tatu nikaona bure, ndipo nikaandikiwa dopla.

Kwa asiyejua, hii ni ultrasaundi kama ile wanayopimiwa wajawazito, ila hapa kinachotafutwa ni mwendo wa damu. Unachomwa sindano ya dawa pembeni ya uume, mara nyingi alprostadili, dawa inalegeza misuli ya ndani, ateri (mishipa inayoleta damu) zinafunguka, damu inaingia, na uume ukishajaa unazibana vena (mishipa inayotoa damu) ili damu isitoke. Mpimaji anapitisha kifaa chenye jeli anasoma spidi mbili: ile ya juu kabisa damu inapoingia, na ile inayobaki moyo ukiwa umepumzika kati ya pigo na pigo. Ya kwanza ikivuka sentimita 35 kwa sekunde ateri zako ziko vizuri, ikiwa chini ya 25 zina shida, hapo katikati ni pa mashaka. Ya pili ikizidi 5 wakati ya kwanza ni nzuri, ndo wanasema vena zinavujisha. Kipimo chenyewe si cha jana, Tom Lue na wenzake kule San Francisco walikieleza tangu 1985.

Sasa mimi mara ya kwanza nililazwa kwenye chumba chenye baridi, mlango unafunguliwa kila saa, mtu anaingia kuchukua faili, mwingine anauliza chaja, na mimi niko pale nimefunikwa kitaulo. Nikachomwa, zikapita kama dakika tano, akapima mara moja tu, akafuta jeli, basi. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja: vena zinavujisha. Hakuna namba hata moja! Nikauliza dawa yake nini, nikaambiwa nizoee.

Nizoee. Mwaka mzima nimetembea na hilo neno. Nilimwambia mke wangu kama anataka kuondoka nitamwelewa, akalia, akaniambia nisirudie tena hayo maneno nyumbani kwake.

Aliyenitoa shimoni ni daktari mwingine wa mfumo wa mkojo ambaye aliiangalia ile karatasi mbele na nyuma akauliza, "Namba ziko wapi?" Ndipo nikaelewa kitu ambacho ningeambiwa mapema ningeokoa mwaka wangu: ukiwa na hofu au baridi au aibu mwili unamwaga adrenalini, na adrenalini inakaza ile misuli ambayo sindano inajaribu kuilegeza. Misuli ikikaza, vena hazibanwi, damu inatoka, mashine inaonyesha uvujaji ambao haupo. Kwa hiyo mtu asiposimama vizuri baada ya dozi ya kwanza, anaongezewa dozi na kupimwa tena kabla ya kuhukumiwa.

Mara ya pili mlango ulifungwa kwa funguo, taa ikapunguzwa. Yule mpimaji alikuwa anaandika dakika kwa peni kwenye mgongo wa glovu yake ya kushoto, 5, 10, 15, 20, kila akipima anaweka alama. Spika ya mashine inatoa mvumo, shwaa, shwaa, kama mtu anafagia mchanga, na kwenye skrini kuna vilima vyeupe. Dakika ya 10 akaniongezea dozi. Dakika ya 20 nikaona mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba kimesimama. Machozi yalinitoka, siwafichi.

Majibu: spidi ya kwanza kulia 24, kushoto 22, na ile ya pili ilishuka mpaka karibu na sifuri. Yaani hakuna uvujaji wowote, shida yangu ni damu kuingia kidogo. Daktari hakufurahi kama mimi. Akanieleza kwamba ateri za uume zina upana wa milimita 1 hadi 2 wakati za moyo ni 3 hadi 4, kwa hiyo uchafu wa mishipa ukianza, huku chini ndo panapiga kelele kwanza, moyo unaweza kufuata miaka kadhaa baadaye. Akaagiza vipimo vya damu siku hiyo hiyo. Sukari ya wastani wa miezi mitatu ikaja asilimia 8.1, lehemu juu, presha juu. Nilikuwa na kisukari sijui, na huku navuta sigara kila siku tangu ujana.

Ndugu zangu nawaambia ukweli, sigara niliiacha wiki ile ile, sasa hivi sukari iko 6.3 na naisema kwa kifua mbele. Vidonge vile vile nilivyoviita bure vinafanya kazi, kumbe nilikuwa navinywa juu ya shibe ya mafuta halafu nasubiri dakika kumi, wakati vinataka kama saa nzima na vinataka uwe na hamu pia, havisimamishi vyenyewe. Ila kama unatumia dawa za naitreti, zile za maumivu ya kifua ya moyo, usiviguse kabisa, presha inaweza kuporomoka ukafa.

Na si kila mtu anahitaji dopla. Wengi wanapona kwa kupima sukari, presha na homoni, wakapewa vidonge basi. Dopla ni pale vidonge vimegoma, au wewe ni kijana mdogo, au uliumia nyonga, au uume umepinda. Lakini ukipimwa, acheni woga jamani, dai namba! Uliza umepimwa dakika ya ngapi, uliza kama uliongezewa dozi. Mwili ni wako, usikubali mstari mmoja.

Mdogo wangu uliyeuliza: sindano ni nyembamba kama ya insulini, utasikia kama umefinywa, baadaye kuna kaumivu hivi kwa ndani kanakopita. Vaa suruali pana. Usiondoke kabla hakijalala, na kikikaa kimesimama masaa manne nenda hospitali usiku huo huo, usisubiri kuche na usione aibu, damu ikituama mule inaua nyama. Ukishapata karatasi nipigie picha upande wenye namba unitumie, nitakuwa macho.