Alama za Video: Mwambie Mtoto Utakachosahihisha Kabla Hajashika Kamera

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana wa sekondari ya msingi aliniandikia ujumbe mrefu. Amepewa kipindi cha uanahabari cha Gredi ya 8, hana kitabu cha kiada, hana kamera, ana tabuleti chache ambazo betri zake zimechoka, na mwisho wa muhula anatakiwa aweke alama kwenye ripoti ya kila mtoto. Swali lake lilikuwa moja: "Mwalimu, video unaisahihishaje?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi tangu wanafunzi wangu wafike ngazi ya kaunti kwa filamu yao fupi katika Tamasha la Drama na Filamu. Kila mara nimejibu mbio mbio, kati ya kipindi na kipindi. Leo nalijibu kwa urefu, kwa sababu najua wako wengi wenye mzigo huo huo na hawana wa kumuuliza.

Kwenye kipindi changu, video iliyokamilika ina alama 10 kati ya 100. Umesoma vizuri, 10. Alama 30 ni za utafiti na skripti, 25 za kazi ya nje, 20 za daftari la majukumu, ambamo kila mtoto anaandika kazi aliyoifanya, na 15 za maswali ninayomuuliza kila mtoto ana kwa ana baada ya darasa kuitazama kazi yao. Mgao huu uko kwenye karatasi moja ambayo mtoto anaibandika ndani ya jalada la daftari lake wiki ya kwanza ya muhula. Kabla haijabandikwa, kabati la vifaa halifunguliwi.

Sisi walimu wa Mtaala wa Umilisi hapa Kenya tunajidanganya kwamba mambo ya matarajio tumeshayamaliza. Tangu Gredi ya 7 ya kwanza iingie Januari 2023, tumezoea kuandika viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na kuwa mbali nayo. Wazazi nao wamezijua herufi, EE, ME, AE, BE. Lakini chukua rubriki, yaani majedwali ya kusahihishia, za shule nyingi uzisome polepole. "Mwanafunzi anaandaa video kwa ustadi mkubwa." "Mwanafunzi anaandaa video kwa ustadi." "Mwanafunzi anaandaa video kwa ustadi kiasi." Mtoto wa miaka kumi na tatu afanye nini kesho asubuhi ili atoke kwenye ustadi kiasi afike kwenye ustadi? Hajui. Na mwalimu akiulizwa na mzazi, naye hajui. Matokeo yake alama inafuata kinachong'aa, na kwenye kazi za video kinachong'aa mara nyingi kimenunuliwa.

Hili nalisema kwa uchungu, na nitaeleza kwa nini.

Nilikuwa nafundisha shule moja ya binafsi katika mji wa pwani. Nilitoa kazi: taarifa ya dakika tatu kuhusu maji katika mtaa unaoishi, au unaopita kila siku kuja shule. Kikundi kimoja kilikuwa cha wasichana wanne. Walikwenda kumhoji mama anayeuza maji kwenye kioski, wakiwa na simu yangu, kwa sababu wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni na tabuleti zetu maikrofoni zake zilikuwa zimekufa. Mahojiano ya kwanza yaliharibika yote. Upepo wa bahari ulikuwa umeingia kwenye sauti, mama anazungumza lakini unasikia ngurumo tu. Walirudi. Safari hii waliivika simu soksi nyembamba upande wa maikrofoni, wakamsimamisha mama upande wa ukuta usio na upepo, na mmoja akaishika simu karibu na kidevu cha mama, kama shibiri moja kutoka mdomoni. Sauti ikatoka safi, hadi mlio wa maji yakiingia kwenye mtungi wa lita 20 unausikia.

Lakini kilichonifurahisha zaidi kilikuwa kwenye daftari lao. Swali lao la kwanza lilikuwa "Je, maji ni muhimu?" Limekatwa kwa mstari. Chini yake wameandika "Je, unapata shida ya maji?" Nalo limekatwa. Halafu la tatu, kwa mwandiko mwingine: "Jana ulilala saa ngapi ukisubiri mfereji utoe maji?" Yule mama alipoulizwa hilo alizungumza mfululizo bila kukatizwa. Hapo ndipo uanahabari unapofundishwa, kwenye mistari miwili iliyokatwa, na mwalimu asiyesahihisha daftari hataiona kamwe. Maelezo ya sauti waliyarekodi stoo, katikati ya magodoro ya bweni, kwa sababu niliwafundisha kwamba chumba chenye kuta tupu kinarudisha mwangwi. Picha zao zilitikisika hapa na pale. Niliwapa EE.

Kikundi kingine kiliongozwa na mvulana ambaye baba yake alikuwa na uwezo. Video yao ilianza na picha ya bahari kutoka angani, imepigwa kwa droni. Muziki wa wimbo unaovuma, majina yanaruka kwenye skrini, rangi zimepambwa. Darasa lilipiga makofi. Nikamuuliza yale maswali matatu ninayomuuliza kila mtoto: Huyu anayezungumza ni nani na mlimpataje? Kwa nini mmeanza na picha hii na si ile? Ni kitu gani mlikiondoa, na kwa nini? Akanyamaza. Daftari la majukumu lilikuwa jeupe. Kazi ilifanywa na studio ya mjini, naye hakuijua hata njia waliyopita. Nikajumlisha kama karatasi ilivyosema tangu wiki ya kwanza. Video alipata zote 10. Jumla ilimweka kwenye AE.

Baba yake alikuja siku iliyofuata. Hakuwa mtu mkali, tena alinisalimu kwa heshima. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nimegharamia kazi hii. Watu wote wameiona ni nzuri kuliko zote." Nikamwonyesha karatasi, nikamweleza kila mstari. Akaondoka kimya, akaenda ofisini. Ripoti zilipochapishwa, mtoto wake alikuwa na EE. Sikuulizwa. Nilipokwenda kuuliza mimi, nikaambiwa, "Ni video tu, Mwalimu, si Hisabati."

Mmoja wa wale wasichana alinifuata baada ya ripoti kutoka. "Mwalimu, kwa hiyo na sisi tungelipa?"

Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Si ile alama, alama ni tarakimu. Kinachoniuma ni kwamba shule nzima ilimfundisha yule msichana somo kwa siku moja, na lile nililomfundisha muhula mzima likafutwa mbele ya macho yake.

Muhula uliofuata nilikataa kuanza kipindi kabla karatasi haijasainiwa na mzazi, mwanafunzi na ofisi ya mwalimu mkuu. Baadhi ya wenzangu waliniambia najipa kazi kwa kipindi cha kucheza. Nikasaini, nikasainisha, nikaweka nakala tatu. Na yule mvulana nilimpa jukumu la sauti, na jukumu hilo peke yake. Kila siku anavaa visikizio, anasikiliza kabla ya kurekodi, anaandika alichosikia: feni, kuku, bodaboda, mwangwi. Alikuja kuwa msikilizaji hodari kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Ile filamu fupi iliyofika kaunti, sauti yake ni ya kijana huyo, na daftari lake lilijaa hadi pembeni. Hivyo asije mtu akaniambia kwamba kuwa thabiti kwenye alama ni kumchukia mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima wa kwanza kumdai kijana huyo kazi ya mikono yake mwenyewe.

Sasa niseme hiyo karatasi ina nini, maana ndicho ulichoniuliza.

Kwanza ina mgao wa alama kama nilivyoutaja. Jumla naibadilisha kwa mipaka ile ile ya KJSEA, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa Gredi ya 9, ili mzazi asichanganyikiwe: 75 kwenda juu ni EE, 41 hadi 74 ni ME, 21 hadi 40 ni AE, chini ya hapo BE. Kila fungu lina sentensi inayoweza kuhesabika au kuonekana kwa macho. Kwenye utafiti siandiki "utafiti wa kina". Naandika: vyanzo viwili ambavyo ni watu, kila mmoja na jina lake, anachofanya, na mlikomkuta, maswali yaliyoandikwa kabla ya kwenda, na angalau swali moja lililobadilishwa baada ya kufikiri. Kwenye kazi ya nje: simu imeshikwa kwa ubavu, haijasimamishwa wima, kila picha inadumu sekunde kumi bila kutikiswa, anayetaka kumwona mhojiwa kwa karibu atembee amsogelee, asivute kwa vidole, jua liwe nyuma ya mpigaji. Mtoto akiisoma anajua la kufanya kesho asubuhi.

Pili ina majukumu. Mtangazaji, mpigaji picha, wa sauti, mhariri. Alama ya kikundi ni ile 30 ya utafiti na ile 10 ya video. Zilizobaki ni za mtu mmoja mmoja. Ukitoa alama moja kwa kikundi kizima utakuwa unamlipa aliyelala kwa jasho la aliyekesha, na watoto wanaona, hata wakikaa kimya.

Tatu, ridhaa. Hapa naomba walimu wanisikilize vizuri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu taarifa za mtoto kushughulikiwa bila idhini ya mzazi au mlezi wake. Sura ya mtoto ni taarifa yake. Anayepiga picha watoto wa chekechea wakinawa mikono na kuiweka mtandaoni bila idhini amekosea, hata kama video ni nzuri kiasi gani. Kwangu, kazi isiyo na fomu ya idhini haisahihishwi mpaka fomu ije. Hali kadhalika muziki: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ipo, na wimbo wa msanii si mali ya darasa langu. Waimbe wenyewe, wapige ngoma wenyewe. Watoto wa pwani wakose ngoma?

Na skripti iliyoandikwa na akili mnemba? Yale maswali matatu yanaimaliza. Sihitaji programu ya kunasa wadanganyifu. Mtoto aliyeandika mwenyewe atakuambia kwa nini aliikata sentensi ya pili.

Walimu wenzangu, tusidharau vipindi hivi. KJSEA ya kwanza ilifanywa mwaka 2025, na asilimia 20 ya matokeo inatokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Kipindi cha uanahabari hakimo humo moja kwa moja, lakini mwalimu aliyezoea kugawa EE za kufurahisha kwenye video hatageuka malaika kwenye Sanaa Bunifu na Michezo. Mkono ni ule ule. Na Gredi ya 10 iliyoingia Januari 2026 inayo Teknolojia ya Midia miongoni mwa masomo yake ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mtoto atakayefika huko akiwa na EE ya kununuliwa atakutana na mwalimu asiyemjua baba yake.

Mdai mtoto kazi. Mwambie mapema unachomdai. Mwandikie. Kisha usirudi nyuma, hata wakikuita mgumu. Mimi wameniita hivyo, na wanafunzi wangu wa zamani ndio wanaonipigia simu kuniuliza maikrofoni gani wanunue.

Uliniuliza pia ufanye nini mwalimu mkuu akikataa kusaini. Usigombane naye. Upeleke mgao wako kwenye kikao cha walimu, uombe uingizwe kwenye kumbukumbu za kikao, na ubaki na nakala. Alama ikibadilishwa baadaye, aliyeibadilisha ndiye atakayetakiwa kueleza. Karatasi yangu nitakutumia ukiniandikia tena. Badilisha jina la shule na tarehe. Na kama hizo tabuleti zako zitakufa kabisa, futa mistari ya picha uache ya sauti, ufundishe redio: kinasa sauti cha simu yako moja kinalitosha darasa zima, kikundi kimoja kwa siku, na mgao wa alama haubadiliki.