Muulize Bwana Shamba: Nimepulizia mara nne, machungwa bado yanashika kutu

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nina michungwa 60 ya Valensia hapa Muheza. Tangu vuli nimepulizia dawa mara nne na hali inazidi kuharibika. Majani yana masizi meusi, maganda ya machungwa yamekuwa ya kahawia kama bati lenye kutu, na mengine yanaanguka yakiwa na funza. Dalali ameniambia bei ya nusu. Jirani anasema nichome viota vya majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, eti ndio wanaoleta masizi. Nifanyeje?
Mama wa watoto watatu, Muheza

JIBU: Marahaba, binti yangu. Weka bomba chini kwanza. Chupa uliyonitumia picha yake ni ya jamii ya pairethroidi, inaua kila mdudu inayemgusa, wakiwemo wale wanaokula utitiri na magamba, yaani wadudu wanaoganda kwenye matawi na majani kama magamba ya samaki. Adui huzaana upesi kuliko rafiki, kwa hiyo kila ukipulizia anarudi na kukuta shamba halina mlinzi. Mwaka 1994, nikiwa mgeni katika kazi ya ugani, nilimwambia mzee mmoja apulizie kila baada ya wiki mbili. Msimu uliofuata matawi yake yalikuwa yamefunikwa na magamba hadi kwenye ncha. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Shamba lako lina matatizo matatu, na dawa moja haiwezi kuyamaliza.

Hiyo kutu ni kazi ya utitiri wa kutu. Ni mdogo mno, kama sehemu ya saba ya milimita, wa manjano, umbo lake kama karoti. Kwa macho humwoni. Nunua lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Anafyonza ganda tunda likiwa bichi, na kutu inajitokeza baadaye, mara nyingi mwenyewe ameshapungua. Ukipulizia baada ya kuona kutu umechelewa, ganda halirudi kuwa safi tena. Msimu ujao anza kukagua machungwa yakiwa sawa na goroli: matunda kumi katika mti, miti kumi iliyotawanyika, kila wiki mbili. Ukiwaona wengi, tumia salfa ya kuchanganya na maji. Pulizia asubuhi na mapema, kwa sababu kwenye jua kali salfa huunguza majani na matunda. Usiichanganye na dawa ya mafuta, na kati ya moja na nyingine acha mwezi upite. Soma kibandiko upate kipimo, funika pua na macho.

Machungwa ya mwaka huu yenye kutu usiyatupe. Ndani ni mazima kabisa. Watafute wanaokamua juisi, hao hawanunui ganda.

Masizi ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu wanayotoa vidukari, magamba na inzi weupe. Geuza majani, utawakuta chini yake. Vidukari kwenye machipukizi wapige kwa maji ya sabuni, ukijaribu kwanza kwenye tawi moja. Kata matawi yanayogusa ardhi, maana ndiyo ngazi ya sisimizi wadogo weusi wanaowalinda wadudu hao ili wanywe utamu.

Majimoto ni habari nyingine. Jirani hajasema uongo, nao hunywa utamu huo na huyalinda baadhi ya magamba. Lakini hao hao wanawinda viwavi na kunguni wa mimea, na nzi wa matunda huogopa kutaga palipo na harufu yao. Kusini mwa China, wakulima wa michungwa walikuwa wakinunua viota vya ndugu zao hawa sokoni. Imeandikwa tangu mwaka 304. Mimi nisingewachoma. Kwenye mti ambao magamba yamezidi, kata tawi lenye magamba, kiota kiache. Wavunaji wajipake majivu mikononi na wavune alfajiri, kabla majimoto hawajachangamka.

Funza ni wa nzi wa matunda. Aina moja kali kutoka Asia iligunduliwa Kenya mwaka 2003 na imeenea pwani yetu yote. Dawa haimfikii funza aliye ndani ya chungwa. Okota yaliyoanguka kila baada ya siku mbili, yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufunge na uuache juani wiki nzima, au yafukie futi mbili chini. Mitego ya kuvuta madume inauzwa kwenye maduka ya pembejeo, lakini bila kuokota haitakufaa. Watoto wakitoka shule wakusaidie, na mwombe jirani aokote na ya kwake, kwani nzi wanaruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Anza na kuokota leo jioni. Lenzi uipate kabla maua hayajafunga matunda, kisha uniandikie ulichokiona.